Sura ya Nne: Boliti za Lori la Saadi

Sajini Amri alikuwa amelala chali katika uvungu wa lori lililokokotwa hadi uani mwa kituo cha polisi, vumbi jekundu likimdondokea usoni, na kwa mara nyingine asubuhi hiyo akamtukana fundi Bashiri kimoyomoyo kabla hajakumbuka kwamba bado hana ushahidi wa kumtukania.

Lori lenyewe lilikuwa mabaki ya jeshi, la aina ile inayovuta kwa magurudumu yote. Saadi bin Ausi, mfanyabiashara wa mbao pale Nachingwea, alilinunua mnadani wakati Mradi wa Karanga ulipoanza kufunga virago. Tangu siku hiyo halikujua Ijumaa wala Jumapili. Lilibeba magogo kutoka porini upande wa Narung'ombe, likapita Ruangwa, likapanda na kushuka vilima, mvua na jua, hadi likawa halina bamba lisilokuwa na mbonyeo.

Siku ya ajali lilikuwa linapanda kilima cha Likunja limesheheni. Katikati ya mpando shafti ilichomoka, ile nondo nene inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Ikajipigapiga humo uvunguni, ikakata mrija wa breki. Lori likasimama kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma. Taniboi wake, utingo Fransisko Mmakonde, akaruka kutoka juu ya magogo na kabari mkononi kwenda kuzuia gurudumu, maana hiyo ndiyo kazi ya taniboi. Wakamkuta chini ya lori, na kabari hajaiachia.

Bwana Inspekta alikuwa amekwisha amua. Bashiri ndiye aliyefunga shafti, shafti imefunguka, basi Bashiri ndiye muuaji. Garimoshi la kesho litashuka pwani na fundi huyo atakuwemo, mikono ndani ya pingu, akasomewe shtaka Lindi. Amri alipewa siku moja ya kukamilisha maelezo, na kwa jinsi alivyopewa ilieleweka kwamba maelezo yenyewe yanajulikana.

Ila Amri alikuwa dereva wa malori ya jeshi huko Burma, na alikuwa na ubishi wa madereva. Hakupenda kuambiwa gari lina ugonjwa gani kabla hajaingia uvunguni mwenyewe.

Nyuma ya giaboksi kulikuwa na sahani ya chuma yenye matundu manne. Shafti nayo ina sahani kama hiyo. Zikikutana uso kwa uso, boliti nne hupita na kuzikaza pamoja, na nguvu zote za injini hupita hapo. Matundu mawili yalikuwa wazi, yamekwaruzwa na chuma kilichovunjika. Mawili mengine yalikuwa yamejaa kitu cheusi, grisi iliyoganda na vumbi, kama kila kitu humo uvunguni. Amri akajifuta mikono, akatoka.

Mfukoni alikuwa na kopo la sigara. Ndani yake mlikuwa na vipande vya boliti mbili vilivyookotwa kilimani, nati bado zimeng'ang'ania. Mbili nyingine hazikuonekana, na wote walikubaliana kwamba zimepotelea majanini. Amri hakupenda jambo ambalo wote wamelikubali upesi namna ile.

Akaanza na tajiri.

"Hodi, Mzee Saadi."

"Karibu, Sajini. Karibu kiti." Saadi alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na siku hiyo kanzu yake ilikuwa imelowa jasho ingawa jua lilikuwa halijawa kali. "Mmekwisha mpeleka yule mjinga?"

"Bado. Nataka kujua boliti zilitoka wapi."

"Mimi nilimnunulia mpya! Mpya, zinang'aa kama fedha. Akazikataa. Akaniambia hizi hazifai, akaenda kufukua makaburi ya malori kule kwenye viwanja vya Mradi, akaniletea chakavu. Sasa mtu amekufa. Utaniuliza mimi?"

"Hizo mpya ziko wapi?"

Macho ya Saadi yalitoroka mara moja tu, yakaenda chini ya meza, yakarudi. Amri akainama. Palikuwa na kopo lililosukumwa nyuma ya gunia la ufuta, na boliti ndani yake zilikuwa nusu.

"Zimepungua," Amri alisema.

"Nimetengenezea kitanda."

"Kitanda gani kinakula boliti zote hizi?"

"Sajini, nina wake wawili."

Amri hakucheka. Alitoa tupa mfukoni, akaikokota juu ya boliti moja. Tupa ikaingia kama kisu kwenye muhogo wa kuchemsha, ikaacha mfereji mweupe. Chuma laini, cha bei ya chini, na meno yake yalianzia kichwani hadi mkiani. Kichwani mwa Amri kesi ilikuwa imeanza kujipanga vizuri kabisa. Fundi amefunga boliti nzuri, tajiri amezifungua kwa siri akauze, akaweka hizi uchwara. Jasho lilikuwepo, kopo lililofichwa lilikuwepo, na mshtakiwa mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake.

Akafungua kopo la sigara, akakokota tupa juu ya kipande kilichookotwa kilimani. Tupa ikateleza na kulia. Akajaribu cha pili. Kikalia vile vile. Chuma kigumu. Hizi hazikuwa za Saadi.

Amri alisikitika kidogo, maana alikuwa ameshaanza kumpenda Saadi kama mshtakiwa.

"Basi unatoka jasho la nini, mzee?"

Saadi akajifuta shingo. "Magogo yalizidi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia dereva wangu Saturnini ajaze. Nilifikiri umekuja kwa hilo."

"Hilo nitalijia," Amri alisema, akaondoka na boliti moja ya kitanda.

Bashiri alikuwa ameketi sakafuni mwa mahabusu, magoti kifuani. Alikuwa kijana wa Kimwera mwenye vidole vyeusi visivyotakata hata kwa sabuni. Mama yake, Sikuzani, alikuwa nje ya ukuta tangu alfajiri na bakuli la uji lililokwisha poa, na askari wa zamu hakumruhusu kuliingiza. Amri alilichukua lile bakuli mwenyewe, akalipitisha. Kisha akakumbuka kwamba hata wauaji wana mama, akakaza uso.

"Kwa nini ulizikataa boliti mpya ukaweka za zamani?"

Bashiri aliitazama boliti iliyowekwa mbele yake kwa dharau ya wazi. "Hii ni ya kitanda, Bwana Sajini. Meno mwili mzima. Boliti ya shafti, pale zinapokutana sahani mbili, inatakiwa shingo laini, nene, imejaa tundu barabara. Ukiweka meno pale yanasagika. Tundu linapanuka, shafti inaanza kucheza, na ikishaanza kucheza haikawii kuanguka."

"Na chuma?"

"Kiwe kigumu, lakini kisiwe kama cha tupa. Tupa ukiiangusha kwenye jiwe inakatika vipande viwili. Lori lile linapigwa na mashimo mchana kutwa. Boliti yake iwe ngumu na iwe na uvumilivu. Nilizifungua kwenye lori la aina ile ile, pale pale kwenye shafti. Nikazisugua, nikazitazama juani moja moja. Yenye ufa nikaitupa. Nati nikaweka nyingine, maana nati ikishafunguliwa mara nyingi inachoka."

"Maneno mazuri. Kila fundi aliyeniulia askari Burma alikuwa nayo."

Bashiri akasema, "Tazama alama."

"Alama gani?"

"Mimi nikishakaza, napiga mstari kwa patasi. Unaanza kwenye ncha ya boliti, unaishia kwenye nati. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unaachana, nami nikipita asubuhi naona. Na patasi yangu ina pengo katikati. Mstari wangu una pengo. Hakuna mwingine hapa Nachingwea."

Patasi yake ilikuwa mezani pamoja na vitu vyake vingine. Amri aliichukua, akapitisha kidole kwenye makali. Pengo lilikuwepo, dogo kama punje ya ulezi. Akachukua kipande kimoja cha boliti, akakisugua kwa pindo la shati hadi grisi ikatoka. Mstari ulijitokeza, umeanzia kwenye ncha ya boliti ukavuka hadi kwenye nati, umenyooka, na katikati yake palikuwa na pengo. Akasugua cha pili. Vile vile.

Kwa hiyo nati hazikulegea. Boliti zilivunjika zikiwa zimekazwa kama zilivyoachwa na fundi. Amri aliona maelezo ya Bwana Inspekta yakipata ufa, akafurahi isivyompasa sajini.

"Boliti nne za namna hii zingevunjika kwa shehena ya magogo?"

"Nne?" Bashiri alitikisa kichwa. "Shafti yenyewe ingejikunja kwanza."

"Na mbili?"

Bashiri alikuwa na uji mdomoni. Akaumeza taratibu. "Mbili, zimebeba magogo, kilima cha Likunja... zingekatika. Lakini nilifunga nne, Bwana Sajini. Wallahi nilifunga nne. Na mstari wangu nilipiga mara nne."

"Kiapo hakina pengo la patasi," Amri alisema. Hata hivyo alirudi uani karibu akikimbia, akajitupa tena uvunguni.

Safari hii hakuyatazama matundu yaliyo wazi. Aliyaendea yale mawili yaliyojaa grisi. Akafuta moja kwa kitambaa. Chini ya grisi palikuwa na kitu cheusi kigumu, kimekatika sawasawa na uso wa sahani. Akakikwaruza kwa ncha ya tupa. Chuma kingelia. Hiki hakikulia. Kilitoa unga mweusi uliomwangukia shavuni.

Akagonga kwa nyuma kwa msumari mnene hadi kikachomoka, akakishika kwenye mwanga. Kilikuwa kipande cha kigingi cha mpingo, kimechongwa mviringo na kulainishwa kwa uangalifu ambao haukuhitajika kabisa kwa kitu cha kwenda kuzikwa ndani ya grisi. Tundu la pili nalo lilikuwa na ndugu yake.

Madereva wote wa pande hizo walitumia mpingo. Bawaba ya ubavu wa lori ikikatika, chonga mpingo. Pini ya tela ikipotea, chonga mpingo. Mti ule unatwanga mtama mpaka kinu kinachoka, nao hauchoki. Watu walikuwa wameuzoea hata wakaamini kwamba ni aina ya chuma kinachoota. Lakini kuuweka kwenye shafti! Na aliyechonga hivi hakuwa fundi wa magari. Alikuwa mchongaji, na watu wote wa stendi ya malori walimjua mchongaji aliyekuwa akisafiri na lori la Saadi. Alikuwa amekwisha zikwa.

Dereva Saturnini alikuwa barazani mwa zahanati, mkono wa kushoto umefungwa kwa vibao na kuning'inizwa shingoni. Alikuwa mtu mzima, mcha Mungu, mwenye sifa ya kutokunywa pombe. Amri alikaa kando yake bila kukaribishwa.

"Maumivu yanaendeleaje?"

"Yanapungua, Bwana Sajini. Ni huyu ndugu yangu Fransisko ndiye ninayemlilia."

"Ulisema fundi hakukaza nati."

"Ndivyo ninavyoona. Mimi siingii uvunguni. Mimi kazi yangu usukani."

Amri akaweka kipande cha kigingi kwenye ukuta mfupi wa baraza, katikati yao. Saturnini alitazama njia, akatazama mti, akamtazama mgonjwa mwingine akipita. Alitazama kila kitu isipokuwa kile kilichowekwa karibu na kiwiko chake. Kisha mkono mzima ukapanda wenyewe ukafanya ishara ya msalaba.

"Unakijua."

"Fransisko alikuwa na mambo yake," Saturnini alisema kwa haraka. "Pengine boliti zilidondoka njiani, akaona aibu kuniambia, akaziba."

"Boliti za Bashiri zinadondoka? Nimeziona. Zilivunjika kabla nati hazijazunguka hata kidogo."

"Basi sijui. Ungemwuliza marehemu."

"Sawa," Amri alisema, akanyanyuka. "Twende tukamwulize."

Wakaenda kwa Landrova ya polisi, Saturnini akiwa amekaa nyuma na askari. Njia nzima, toka Nachingwea, wakapita Ruangwa, wakapanda kilima cha Likunja ambapo majani yalikuwa bado yamelala, hakuuliza wanakwenda wapi. Mtu asiye na la kuficha huuliza. Amri alilitazama hilo kwenye kioo na kulihifadhi.

Kijiji cha marehemu kilikuwa na nyumba chache na kigango kimoja, kanisa dogo la udongo. Mbele ya kigango palisimamishwa nguzo mbili na boriti, na kwenye boriti palining'inia kengele mpya. Watu walikuwa wanakusanyika kwa sala ya marehemu. Lusiana, mjane, alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake, kaniki imefungwa kifuani.

"Pole sana, mama," Amri alisema, akichuchumaa. "Mungu akutie nguvu."

"Ahsante, baba."

"Nimekuja na kitu. Sipendi kukuonyesha leo, lakini kuna kijana atapelekwa Lindi kesho."

Lusiana alikipokea kile kipande, akakigeuza, akapitisha kidole gumba pale palipolainishwa. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoifahamu.

"Hiki cha mume wangu."

"Una hakika?"

"Mkono wake nisiujue? Alichonga viwili, amekaa pale." Alionyesha kivuli cha ukuta. "Alivichonga vya kengele."

Amri alidhani hakusikia vizuri. "Vya kengele?"

"Kengele ililetwa na lori lao. Vile vyuma vya kufungia vilikuwa vimepotea njiani. Mume wangu akasema, isiwe taabu, nitachonga mpingo, itakaa mpaka wajukuu. Akachonga. Huyu," akamnyooshea kidole Saturnini bila kumtazama, "akasema ni aibu. Kengele ya Bwana haitundikwi kwa vijiti. Akasema yeye atatoa chuma."

Amri alisimama, akaenda hadi kwenye nguzo, akapanda ngazi iliyokuwa imeegemezwa pale. Kengele ilishikwa na mabamba mawili ya chuma yaliyokumbatia boriti, na kila bamba lilikazwa chini kwa boliti. Boliti mbili, nene, zenye shingo laini. Alizisugua ncha kwa kidole. Kwenye kila ncha palikuwa na mstari mfupi wa patasi, na kwenye kila nati mwenzake. Aliyezifunga hapa hakuzilinganisha, hivyo mistari ilikuwa imeachana. Ukiirudisha pamoja kwa macho, pengo lilikuwa pale pale katikati.

Aliposhuka, Saturnini alikuwa amepiga magoti vumbini, hakuna aliyemwambia.

"Nilisema nitatafuta nyingine nikifika Nachingwea," alisema. "Safari moja tu. Mpingo, Sajini! Kwenye lile lori tumeweka mpingo kila mahali, haujatuangusha hata siku moja. Fransisko alinikatalia. Akasema bawaba ni bawaba, shafti ni shafti. Nikamwambia mimi ndiye dereva. Akaingia uvunguni akaviweka."

"Na Bashiri ulipomwona anafungwa pingu?"

Hasira ilimpanda Amri, hasira safi isiyo ya kipolisi, akalazimika kutazama pembeni.

"Imelia mara ngapi kengele hii tangu itundikwe?" aliuliza, ili aseme kitu.

Katekista, mzee mwembamba aliyekuwa amesimama na kitabu cha sala kifuani, ndiye aliyejibu. "Mara moja, bwana. Tulipomzika Fransisko."

Amri akamwambia askari alete spana kutoka kwenye Landrova.

"Bwana Sajini," katekista alisema, "nakuomba. Sala ya marehemu ndiyo inaanza. Watu wametoka mbali. Ungengoja kengele ilie kwanza, ndipo uifungue."

Amri alisita. Njia ya kurudi ilikuwa mbaya na jua lilikuwa limekwisha pinda, na kule mahabusu kulikuwa na mtu asiyejua kwamba mistari yake minne imepatikana yote. Lakini kumnyima marehemu kengele mbele ya mjane wake ni jambo ambalo hata polisi hulionea haya. Akamgeukia Lusiana.

Lusiana alikuwa amesimama. Kipande cha kigingi kilikuwa bado kiganjani mwake, naye alikuwa akikisugua kwa kidole gumba.

"Ifungueni," alisema. "Mume wangu amekwisha zikwa. Huyo kijana bado yu hai."

Askari akapanda ngazi. Nati ya kwanza ilikataa, ikalia, ikakubali. Wanaume wanne wakaipokea kengele mikononi na kuilaza juu ya majani taratibu, isipige hata mlio mmoja. Amri akazitia boliti ndani ya kopo la sigara pamoja na ndugu zao zilizovunjika, akanyoosha mkono kwa mjane. Lusiana alikitazama kile kigingi kwa muda, kisha akampa.

Katekista alikuwa bado anaitazama boriti tupu. "Sasa tutaitundika na nini?"

Lusiana alikuwa amekwisha geuka kurudi mkekani.

"Patasi zake zimo ndani," alisema. "Chongeni vingine."